Kabila za Nyangumi Wauaji katika Bahari ya Barafu

Kusini kabisa mwa dunia iko nchi ya Antaktika, nchi isiyo na mti wala shamba wala kijiji cha wenyeji. Wanaokaa huko ni watu wa elimu na wasaidizi wao, nao hukaa kwa zamu. Pande zote imezungukwa na bahari yenye pepo kali, na juu ya bahari hiyo huelea mapande ya barafu, mengine madogo kama mkeka, mengine makubwa kuliko mji. Mtu angedhani ya kuwa maji hayo ni maiti. La, yamejaa uhai, na mkubwa wa wawindaji wake ndiye nyangumi mwuaji.

Kitabu cha Mwanzo chatufundisha ya kuwa viumbe vya majini viliumbwa kila kimoja kwa jinsi yake. Wengi wetu husoma neno hilo upesi tukapita. Lakini kazi ya kuzijua jinsi hizo, hii yaishia wapi na ile yaanzia wapi, Mungu amewaachia wanadamu, na kazi yenyewe haijakwisha. Kwa miaka mingi nyangumi wauaji wote wa dunia walihesabiwa kuwa jinsi moja. Siku hizi yajulikana wazi kwamba katika maji ya kusini peke yake mna namna tano, zinazopishana kwa umbo, kwa rangi, kwa chakula na kwa desturi, mfano wa kabila za watu waishio katika bonde moja pasipo kuoana. Nataka kuwaeleza wasomaji habari zao, kwa maana kutokuwapambanua kwaweza kuleta hasara ambayo hakuna atakayeiona mpaka imekwisha kutimia.

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe. Ingawa twamwita nyangumi, kwa ukoo yeye ni ndugu wa pomboo, tena mkubwa wao wote. Wala si samaki. Damu yake ina moto, huvuta pumzi juu ya maji, huzaa na kunyonyesha. Mimba yake huchukua yapata miezi 17, na mtoto azaliwapo huwa na urefu wa mita 2 na zaidi. Mgongo ni mweusi na tumbo ni jeupe, na juu ya jicho, nyuma yake kidogo, pana baka jeupe ambalo mtu asiyemjua hudhani ndilo jicho. Dume aliyekomaa ana pezi la mgongoni lililosimama kama tanga, lenye kwenda juu hata mita 1.8, kimo cha mtu mrefu. La jike ni fupi, nalo limepinda nyuma.

Hawaishi ovyo. Huishi kwa jamaa, na mkuu wa jamaa ni mama au bibi. Katika bahari za kaskazini, pwani ya Kanada na Marekani, ambako wamechunguzwa tangu miaka ya 1970, imeonekana ya kuwa katika baadhi yao watoto, wa kike na wa kiume, hukaa na mama yao maisha yao yote. Na bibi huweza kuishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa, huku akiwaongoza wanawe na wajukuu wake mahali penye chakula. Kila jamaa wana milio yao, na mtoto huipokea kwa wakubwa wake kama vile mtoto wa mtu apokeavyo lugha. Kadhalika hufundishwa kipi ni chakula na kipi si chakula, na njia ya kukipata. Msomaji na alishike neno hilo, maana tutalihitaji mbele.

Jina la uuaji walipewa na mabaharia waliowaona wakiwashambulia nyangumi wakubwa kuliko wao. Ama kwa wanadamu, hakuna habari iliyothibitishwa ya mtu aliyeuawa na mnyama huyu baharini. Hata hivyo waliogopwa sana, na kisa kimoja kilichozidisha hofu hiyo ni cha mwezi wa Januari mwaka 1911. Kapteni Robert Scott, Mwingereza, alikuwa amefika na meli yake, Terra Nova, karibu na Rasi Evans katika upande wa Bahari ya Ross, naye alikuwa akiteremsha mizigo juu ya barafu. Mbwa wawili walikuwa wamefungwa kando ya meli. Nyangumi wauaji sita au saba wakaonekana wakipita ukingoni, na mpiga picha wa msafara, Herbert Ponting, akakimbia na kamera yake apate kuwapiga picha. Mara wakazama. Kisha ile barafu aliyosimama juu yake ikainuliwa kutoka chini, ikapasuka kwa kishindo, na vichwa vikubwa vikachomoza katika nyufa, kimoja baada ya kimoja, vikitazama. Ponting akaruka pande hata pande mpaka akafika mahali pa salama, na kamera yake mkononi. Mbwa nao wakapona, kwa kuwa nyufa zilipita kandokando yao. Scott aliandika habari hiyo katika daftari yake ya safari, akastaajabia werevu wa wanyama wale na jinsi walivyotenda kwa shauri moja.

Leo mtu wa elimu akikisoma kisa hicho atauliza swali ambalo mwaka ule hakuna aliyeliuliza: walikuwa wa kabila gani? Kwa maana katika Bahari ya Ross wako walao nyama ya sili, na wako walao samaki, na hawa wa pili hawana desturi ya kuvunja barafu ili kumpata mnyama aliye juu yake.

Waliotangulia kushuku jambo hili walikuwa watu wa meli za Kisovieti za kuua nyangumi. Katika msimu mmoja tu, ule wa 1979 hata 1980, meli hizo ziliua nyangumi wauaji zaidi ya 900 katika maji ya Antaktika. Siiandiki hesabu hiyo bila kusikitika. Wataalamu waliokuwamo melini walipowapasua waligundua ya kwamba walikuwamo wadogo, wenye ngozi ya rangi ya manjano, waliokamatwa karibu na barafu, na matumbo yao yamejaa samaki. Tena walikuwamo wakubwa, waliokamatwa katika maji ya wazi, na hao walikuwa wamekula nyama ya nyangumi na ya sili. Wakasema hawa si wamoja. Mwaka 1981 na 1983 wakawatolea wadogo majina mapya ya Kilatini, lakini wenzao wa nchi nyingine hawakuyakubali majina yale, na neno likaachwa. Mema yaliyopatikana ni kwamba mwaka 1980 Tume ya Kimataifa ya Nyangumi ilizikataza zile meli kubwa zenye viwanda ndani yake zisiwaue tena.

Ikapita miaka 20. Ndipo mwaka 2003 Robert Pitman wa Marekani na Paul Ensor wa New Zealand, waliokuwa wamesafiri mara nyingi katika maji yale, wakakusanya picha nyingi walizopiga wao na walizopewa na wengine, wakazipanga, wakaonyesha ya kuwa zinajitenga zenyewe mafungu matatu. Hawakuthubutu kutoa majina. Waliwaita kwa herufi tu: A, B na C. Baadaye likaongezwa fungu la D, na lile la B likaonekana kuwa ni mawili.

Mwalimu atakaye kuwaonyesha watoto tofauti zao hahitaji kuchora nyangumi mzima ubaoni. Achore lile baka la jicho. Kwa A ni la kadiri, limelala sawasawa na mwili. Kwa B ni kubwa mno, wakubwa na wadogo wote. Kwa C ni jembamba, tena limeinama kwa mbele kama mstari ulioandikwa na mtoto asiye na rula. Kwa D ni dogo hata karibu halionekani. Halafu iko rangi. A ni mweusi kweli na mweupe kweli. B na C wana kijivu, na juu ya mgongo wana sehemu iliyoiva zaidi, kana kwamba wamevikwa joho.

A ndiye mkubwa wao. Madume yake hufikia mita 9, nao hukaa katika maji ya wazi yasiyo na barafu nyingi, wakiwinda hasa nyangumi wa namna ya minki. Habari zao si nyingi.

Ama B mkubwa, huyo mtu aweza kukesha akisimulia habari zake. Yeye ni mwindaji wa sili. Sili, kwa wasiomjua, ni mnyama wa baharini mwenye manyoya mafupi na mafuta mengi, ambaye miguu yake imekuwa kama mapezi. Hula majini, hupanda juu ya barafu kulala. Akiwa juu ya barafu hujiona yu salama, na kwa adui wengi yu salama kweli. Nyangumi hawa huenda kati ya mapande ya barafu, huinua vichwa vyao wakasimama wima majini, wakamtazama aliyelala ni nani. Hapo huchagua. Wamtakaye ni sili aitwaye wa Weddell. Ziko namna nyingine za sili, na moja katika hizo ni nyingi kuliko huyu katika mapande yale, lakini mara nyingi hutazamwa, hupitwa. Yasemwa sababu ni kwamba wa Weddell ni mpole, na wale wengine huuma.

Akiisha kupatikana, jamaa hukusanyika. Hujipanga ubavu kwa ubavu, watatu, wanne, hata sita na zaidi, wakaogelea kwa kasi kuielekea barafu. Na wafikapo karibu hupiga mikia yao kwa pamoja na kupita chini yake. Wimbi huinuka. Likiwa pande ni kubwa, wimbi hulivunja. Likiwa dogo, wimbi hupita juu yake likamkumba sili, likamtupa majini. Asipoanguka hurudi nyuma, wakajipanga, wakaanza tena. Pengine hulisukuma pande lile kwa vichwa mpaka maji ya wazi, mbali na mapande mengine, ili aangukapo asiwe na pa kukimbilia. Watoto huwamo katika mstari pamoja na mama zao. Na akiisha kuanguka hawamrarui kwa pupa: humshika miguu ya nyuma, humvuta chini mpaka anakufa kwa kukosa pumzi, kisha humchuna mle mle majini kwa ustadi kama wa mchinjaji, wakagawana.

Ufundi huo hauonekani kwa A, wala kwa C. Hautoki katika nguvu za mwili tu, kwani A ana nguvu kupita wote. Watokana na kufundishwa, wakubwa kwa wadogo, kizazi hata kizazi.

Hapa niongeze kisa kimoja, kwa kuwa chatugusa sisi watu wa Afrika ya Mashariki. Wavuvi wa Watamu, wa Unguja na wa Mafia huwaona kila mwaka, tangu mwezi wa Julai na kuendelea, nyangumi wakubwa wenye nundu, ambao huja katika maji yetu ya moto kuzaa. Nyangumi hao hutoka huko huko kusini. Mwaka ukigeuka hurudi kula katika bahari ya barafu, ambako wenzao wa pwani nyingine za dunia pia hukutana kwa chakula. Basi mwezi wa Januari mwaka 2009, kule Antaktika, Pitman na mwenzake John Durban walikuwa wakiwatazama nyangumi wauaji waliomwangusha sili wa Weddell majini. Nyangumi wawili wenye nundu walikuwa hapo. Sili akaogelea kumwelekea mmoja, naye yule jitu akageuka chali, sili akabebwa kifuani pake kati ya mapezi mawili. Maji yalipoanza kumteremsha, nyangumi alimrudisha kifuani kwa pezi lake taratibu. Hatimaye sili akapata nafasi, akaogelea akapanda barafu nyingine, akapona. Je, alikusudia kumwokoa? Wenye elimu wasema kwamba nyangumi wenye nundu huwachukia wauaji kwa sababu hao huwashambulia watoto wao, na kwamba huenda huingilia kila windo walisikialo, awaye yote anayewindwa. Mimi naona inatosha kusema kilichoonekana.

B mdogo hufanana sana na mkubwa kwa rangi na kwa baka, hata watu walidumu kuwachanganya. Lakini mwili wake ni mdogo mbali, na makundi yake ni makubwa. Huonekana akiwakamata pengwini, wale ndege weusi na weupe wasioruka angani, naye hula nyama ya kifua tu, mengine huyaacha. Hata hivyo chakula chake kikubwa chadhaniwa kuwa katika vilindi, maana hupiga mbizi za mamia ya mita, mahali asipoweza kuonekana na mtu.

C ndiye mdogo wa wote. Alipopimwa kwa picha zilizopigwa kutoka angani, dume mrefu kabisa alikuwa na mita 6.1 tu, karibu mita 3 pungufu ya A mkubwa. Hukaa upande wa mashariki wa Antaktika na katika Bahari ya Ross, ndani kabisa ya barafu, akipita katika nyufa ndefu zinazofunguka wakati wa kiangazi. Mara nyingine nyufa ni nyembamba, nao husimama kwa zamu kupumua kama watu kisimani. Yeye hula samaki. Mmoja wa samaki hao ni mkubwa wa ajabu, aitwaye samaki wa meno wa Antaktika, ambaye aweza kuwa na uzito wa zaidi ya kilo 100. Naye katika damu yake mna kitu kinachoizuia isigande, kwa maana maji ya kule yana baridi ya karibu nyuzi 2 chini ya sifuri, na chumvi ndiyo iyazuiayo yasiwe jiwe.

Habari za D zilianza kwa msiba. Mwaka 1955 nyangumi wauaji 17 walikwama ufukweni huko Paraparaumu, New Zealand, wakafa. Watu waliona ya kuwa hawa si wa kawaida: vichwa vyao ni vya mviringo, na mabaka yao ni madogo kama alama ya kidole. Walipigwa picha, na mifupa ikahifadhiwa katika jumba la makumbusho la Wellington. Wengine wakafikiri ni jamaa moja tu yenye kilema cha kuzaliwa. Miaka 50 ikapita. Mwaka 2005 mtaalamu wa Ufaransa alimwonyesha Pitman picha za nyangumi walioonekana karibu na visiwa vya Crozet, katika Bahari ya Hindi ya kusini, wakiiba samaki katika kamba za wavuvi. Na tazama, ni umbo lile lile. Ndipo mwezi wa Januari mwaka 2019 wachunguzi wakaenda kusini mwa Chile, karibu na Rasi Horn, wakangoja zaidi ya juma moja dhoruba zikipita, mpaka nyangumi kama 30 wakaja wenyewe kuizunguka merikebu. Wakapata vipande vidogo vya ngozi, kwa mshale ambao kwa nyangumi ni kama kuumwa na mbu. Uchunguzi wa alama za urithi zilizomo mwilini waonyesha ya kwamba D amejitenga na wenzake tangu zamani sana, na kwamba hesabu yao imekuwa ndogo muda mrefu, hata wote wanafanana mno kwa damu.

Kuhusu rangi ya manjano ya B na C, ile iliyowashangaza Wasovieti, hiyo si ngozi. Ni mimea midogo mno iitwayo diatomu, isiyoonekana kwa jicho, ambayo hujishika juu ya ngozi katika maji ya baridi kama ukungu juu ya ukuta. Lakini iliulizwa: mbona nyangumi yule yule siku moja huonekana wa manjano, na siku nyingine yu safi? Jibu lilipatikana kwa vidude vidogo vilivyobandikwa katika mapezi yao, vyenye kupeleka habari kwa setilaiti. Baadhi ya B waliondoka ghafula, wakaogelea kaskazini pasipo kukawia, mpaka maji yenye joto ya Uruguay na Brazil. Kisha wakageuka wakarudi. Mmoja alikwenda na kurudi kilomita karibu 9,400 kwa siku 42. Hawakwenda kuzaa, maana hata katika maji ya baridi wameonekana wenye watoto wachanga sana. Yafikiriwa walikwenda kujichuna ngozi. Katika maji ya baridi kali mnyama hubana damu yake ndani ili asipoteze moto, na ngozi haipati nafasi ya kujifanya upya. Basi husafiri umbali ule wote, akaiacha ngozi kuukuu pamoja na uchafu wake, akarudi kazini.

Je, hawa ni jinsi mbalimbali, au ni jinsi moja yenye kabila nyingi? Vitabu vya elimu bado vyawaita wote kwa jina moja la Kilatini, Orcinus orca. Wako wasemao ya kuwa wamekwisha kutengana, kwa kuwa hukutana katika maji yale yale wala hawaoani. Wako wasemao tungoje ushahidi zaidi. Nami sioni aibu kwa elimu kungoja. Lakini sili wa Weddell hangoji. Yeye anajua vizuri yupi wa kumkimbia.

Tukitazama upande wa pili wa dunia, kaskazini, mambo ni mengine. Nyangumi wauaji wafikao Bahari ya Aktiki si wenyeji wa barafu kama hawa. Waeskimo wa Kanada, ambao wenyewe hupenda kuitwa Wainuiti, humwita aarluk, nao wanasimulia jinsi anavyowinda nyangumi wa nchi yao. Zamani barafu ilimzuia kuingia ghuba nyingi. Sasa kwa kuwa barafu inapungua, anaonekana mahali ambapo wazee hawakumwona, kama katika Ghuba ya Hudson. Lakini hajui siri za barafu kama ndugu zake wa kusini. Mwezi wa Januari mwaka 2013, karibu na kijiji cha Inukjuak, nyangumi wapatao 12 walizingirwa na barafu, wakabaki na tundu moja dogo la kupumulia, wakisongamana kwa zamu, mpaka upepo ulipogeuka na barafu ikafunguka.

Sasa nirudi kwenye hasara niliyoitaja mwanzoni. Watu wamewapiga picha B wa rasi ya Antaktika kwa miaka mingi, nao huwatambua mmoja mmoja kwa makovu na alama za mapezi yao, kama mwalimu ajuavyo nyuso za darasa lake. Hesabu iliyotokana na picha hizo yaonyesha ya kuwa B wakubwa, wale wa mawimbi, ni kama mia moja tu katika sehemu ile, nao wanapungua. B wadogo ni mamia, wala hawakuonekana kupungua. Walimu watafahamu mara moja shida iliyopo. Ukiwahesabu wote pamoja kwa sababu wote ni wa kijivu na wote wana baka kubwa, utapata jumla nzuri, utaandika katika daftari yako kwamba hali ni njema. Nao wale mia watakwisha ndani ya jumla yako. Yule mchungaji wa mfano wa Injili alijua kwamba mmoja amepotea kwa sababu alikuwa akiwajua, si kwa sababu zizi lilionekana tupu.

Na wakiisha hao, hakitakwisha kiwiliwili tu. Utakwisha na ule ufundi wa kupiga wimbi, kwa maana hakuna nyangumi mwingine ajulikanaye kuufanya kwa namna ile, wala B mdogo hatajifunza kwa mtu. Kwa nini wanapungua, sababu moja yafikiriwa kuwa barafu yenyewe. Sili hulala juu ya barafu. Barafu ikikosekana, hulala pwani juu ya nchi kavu, na wimbi halifiki. Mwaka 2023 barafu ya bahari ya kuzunguka Antaktika ilikuwa chache kuliko mwaka wowote tangu kuanza kupimwa kwa setilaiti mnamo miaka ya 1970.

Kwa C shida ni nyingine. Wavuvi wa biashara waliingia katika Bahari ya Ross tangu mwisho wa mwaka 1996 kumtafuta yule samaki wa meno, ambaye nyama yake huuzwa kwa bei kubwa katika hoteli za nchi tajiri. Baadhi ya wachunguzi wakalalamika ya kwamba samaki wanapungua karibu na Kisiwa cha Ross, na nyangumi C wanaoonekana huko ni wachache kuliko zamani, wengine wakabisha. Mabishano hayo yalikuwa makali. Mtu aliyeshika tu kwamba nyangumi mwuaji hula kila kitu angesema, akikosa samaki atakula sili. Lakini C hakufundishwa sili.

Mwaka 2016 mataifa 24 pamoja na Umoja wa Ulaya, wanaoshauriana juu ya viumbe vya bahari ya Antaktika, walipatana kuitenga sehemu kubwa ya Bahari ya Ross, yapata kilomita za mraba 1,550,000, na katika sehemu iliyo kubwa ya eneo hilo uvuvi wa biashara umekatazwa kabisa. Amri hiyo ilianza tarehe 1 Desemba mwaka 2017, nayo imewekewa muda wa miaka 35. Mwaka 2052 mataifa hayo yatakutana kuamua kama iendelee, na watoto walio leo katika darasa la kwanza watakuwa watu wazima.